Somo la Mawe la Jolene Haugen

Jirani yangu Jolene Haugen aliacha chuo akiwa msichana, amebakiza somo moja tu. Alisomea fasihi, lakini chuo hakikumpa mtu shahada mpaka aonje na sayansi kidogo, pamoja na mazoezi ya maabara. Alijaribu kemia, akaanguka. Akarudia, akaanguka tena. Ndipo akaolewa na Duane, fundi bomba wa hapa mjini Duluth, kaskazini mwa Marekani, akalea watoto, akapiga kinanda kanisani. Ukimgusia habari za chuo, aliinuka kwenda kukuongezea kahawa.

Duane alipostaafu, alimwambia, "Nenda kamalize."

"Nina miaka hamsini na tisa, Duane."

"Sitini utafika tu, usome usisome."

Akaenda. Mshauri wa wanafunzi, Bi Tollefson, alikuwa rika la binti yake.

"Nipe lililo rahisi, mwanangu," Jolene alimwambia. "Nasikia la nyota ni mteremko."

"Wote husema hivyo, mama. Wanadhani wataangalia mbingu. Wakikutana na hesabu zake wanarudi hapa wanalia."

"Basi la viumbe."

"Chura utampasua?"

Jolene akatikisa kichwa.

"Tuache habari ya rahisi," Bi Tollefson akasema. "Jioni, umechoka, kitabu cha nini ungekubali kukifungua?"

Jolene aliona haya kusema, lakini alisema: huokota mawe ufukweni mwa ziwa, akayapanga dirishani jikoni, na hajui hata moja linaitwaje.

"Basi chukua elimu ya miamba. Hesabu zake ni za kujumlisha na kugawanya. Na muhula huu usichukue lingine."

Siku ya kwanza alifika mpaka maegesho ya chuo, akakaa ndani ya gari mpaka kipindi kikaisha, akarudi nyumbani. Duane alimwona alivyovua koti, akajua hakuingia darasani. Kesho yake alitoka asubuhi bila kuaga, na aliporudi alikuwa na kitabu kama kile cha mkewe.

"Hicho cha nani?"

"Changu. Nimejiandikisha."

"Wewe? Hata maelekezo ya dawa husomi."

"Nitakaa karibu yako. Ukitaka kutoka, tutatoka wote."

Hawakutoka. Walikaa safu ya nyuma, kati ya vijana wa mpira wa magongo waliokuja na nywele mbichi kutoka mazoezini. Maabarani walikwaruza mawe kwa msumari ili kujua ugumu wake. Oktoba darasa lilipelekwa ufukweni, upepo ukikata masikio, na Jolene akamshika mzee wake mkono kwenye miamba, kwa kuwa Duane ana goti bovu. Huko akajifunza kwamba jiwe jeusi alilolipenda kuliko yote lilikuwa uji wa moto uliotoka ardhini, ukapoa. Aliniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayekueleza habari za ukoo wake.

Mtihani wa katikati ya muhula, Jolene alifaulu vizuri. Duane alianguka.

"Pole, baba," Jolene alimwambia njiani.

"Pole ya nini? Wewe ulishaanguka mara mbili. Zamu yangu."

Jolene alicheka mpaka ikabidi asimamishe gari, kisha akalia kidogo. Tangu hapo, kila baada ya chakula, alisukuma pembeni bakuli la viazi na nyama ya kusaga, akamfundisha mumewe mezani. Ananiambia kufundisha kule ndiko kulikomfanya aelewe. Mwisho wa muhula Jolene alipata alama nzuri. Duane alipenya kwenye tundu la sindano.

Shahada ilitolewa Mei. Duane, kwa wasiwasi, alisimama na kupiga makofi alipoitwa aliyemtangulia Jolene, kijana asiyemjua kabisa. Hakuona aibu. Alibaki wima vilevile, anapiga makofi, mpaka mkewe akapanda jukwaani.