Mguu wa Kulia wa Jogoo

Kila asubuhi kwarara, ndege wale wenye midomo mirefu iliyopinda, hutua juu ya mabati yetu na kupiga kelele kama watu waliodhulumiwa. Majirani huwalaani. Mimi hutoka nje na kikombe cha chai nikawatazame miguu: vidole vitatu mbele, kimoja nyuma. Wakianza kutembea kwenye nyasi, hatua kwa hatua, shingo mbele, moyo hunienda mbio, maana najua ninachokiona. Ni dinosaria wadogo wanaotafuta minyoo nyuma ya nyumba yetu hapa Eldoret.

Sikusomea mambo haya. Nilimaliza kidato cha nne nikaajiriwa kwenye duka la fotokopi mjini. Ninachojua nimekiokota kwenye simu na kwenye vitabu vya mitumba vinavyouzwa kando ya barabara, vingine havina hata jalada. Na mtu asiye na cheti huogopa kukosea kuliko mwenye nacho. Niliwahi kuchora dinosaria, yule mla nyama mkubwa wa mikono mifupi, nikatuma picha kwenye kundi la vijana wa kanisa, kisha nikaifuta baada ya dakika nne kwa sababu mkono wake nilikuwa nimeuchora vidole vitatu badala ya viwili. Hakuna aliyegundua. Bado siku nzima chakula hakikupita.

Mwalimu mmoja huja dukani kutoa nakala za mitihani. Siku moja alinikuta nikimweleza mteja kwamba pimbi, yule mnyama mdogo kama sungura, ni jamaa ya ndovu.

"Wacha!" akasema. "Hizo stori kuja uambie watoto wangu wa gredi ya tano. Ijumaa ya wiki ijayo."

Nikakubali. Kabla hajafika mlangoni nilikuwa nimejuta. Niseme ukweli: mara mbili kabla ya hapo nilialikwa kuzungumza mbele ya watu, na mara zote mbili nilijifanya mgonjwa asubuhi yenyewe. Nilijijua. Nikipata kisingizio chochote, hii ingekuwa ya tatu.

Niliamua nitaenda na kitu cha kushika mkononi, ili watoto wakitazame hicho badala ya kunitazama mimi. Ningewaunganishia mifupa ya kuku mzima, asimame kama dinosaria wala nyama wa kale, na niwaonyeshe mahali ambapo hakuna tofauti. Lakini mifupa yote itoke kwa kuku mmoja. Hilo halikuwa na mjadala kichwani mwangu. Ukichanganya, unadanganya.

Jumapili Mama alichinja jogoo wa kienyeji kutoka Ainabkoi, mrefu, mwenye miguu ya kutisha. Nilimwomba anitunzie shingo, kichwa na nyayo. Tulikuwa watatu mezani. Mimi na Mama tulikula kwa adabu tukirudisha mifupa kwenye bakuli. Kwa Baba nilikuwa nimeshindwa kusema.

Kwetu baba hupewa firigisi na mguu wa kwanza, na hakuna anayemwambia jinsi ya kula. Isitoshe, Baba hali kuku. Baba humaliza kuku. Huanza na nyama, akaja kwenye gegedu, kisha anavunja mfupa wenyewe na kunyonya uboho, na kinachobaki kwenye sahani hakimfai hata paka. Nilikaa pale nikitazama mguu wa kulia ukipanda kuelekea kinywani. Sentensi yangu nilikuwa nayo tayari, hata nilikuwa nimeifanyia mazoezi bafuni: Baba, naomba huo mfupa. Nikasikia *kwachu*. Nikainamia ugali wangu, machozi yakinilenga kwa sababu ya mguu wa kuku.

Niliichemsha mifupa iliyobaki, nikaisugua kwa mswaki mkuukuu, nikaianika kwenye ungo nje ya mlango. Mama mmoja jirani alipita, akarudi nyuma hatua mbili.

"Wewe msichana, hizo ni za nini? Niite pasta mapema?"

"Ni za shule, Mama."

"Siku hizi shule imefika huko?"

Kufikia Jumanne jioni jogoo alikuwa amesimama juu ya ubao, ameshikwa kwa waya na gundi. Mkia, mbavu, ule mfupa wa kidari ulio kama panda ya manati. Upande wa kulia paja lilining'inia bila mguu chini yake.

"Si uweke ya kuku ingine?" Mama akauliza.

"Itakuwa uongo."

"Na nani atajua? Kuku?"

"Mimi nitajua. Afadhali nimwambie mwalimu ninaumwa."

Mama akaendelea kuchambua mchicha. "Umeanza," akasema.

Baba aliingia wakati huo. Ni mzee wa kanisa, alikuja huku kutoka upande wa ziwa kufanya kazi kiwandani, na hapendi vitu visivyoeleweka juu ya meza ya kulia chakula.

"Hii ni nini?"

"Ni jogoo wa Jumapili, Baba."

Akainama, akavaa miwani. "Mbona ako na mguu moja?"

Mama ndiye aliyejibu. "Ile ingine ulikula, Mzee."

"Na mbona hakuna mtu aliniambia?"

"Ningekuambiaje, Baba?" nikasema, sauti ikitoka ndogo.

Akavuta kiti. Akaniuliza ni kwa nini napoteza macho yangu kwa mifupa, nami, kwa mara ya kwanza, nikamwonyesha. Nikamwambia wale wanyama wakubwa walikuwa na panda kama hii hii kifuani. Akaigusa kwa ncha ya kidole.

"Kwetu tulikuwa tisa," akasema baadaye. "Kuku ni Krismasi. Mimi wa mwisho, nilikuwa napewa mfupa ikiwa imepita kwa wengine. Usipovunja, hujakula." Akasimama akaenda kusikiliza taarifa ya habari.

Alhamisi nilirudi kutoka kazini nikakuta nyumba inanukia kuku. Kuku, Alhamisi! Mama akanionyesha Baba kwa kidevu, kwamba ndiye aliyemnunua. Baba alikula kwa uma, polepole, kama mtu aliyetembelewa na askofu. Mguu mmoja alioutafuna ulivunjika kama kawaida. Ule mwingine aliufuta kwa kitambaa cha karatasi, akausukuma upande wangu. Ulikuwa mzima, safi, haukuwa na alama ya jino.

"Angalia kama ni saizi."

Nilikwenda nao hadi kwenye ubao. Mfupa huo una ukingo kwa juu unaopinda kuelekea nje. Nilipouweka upande wa kulia, ukapinda kuelekea ndani. Baba alikuwa ameniachia mguu wa kushoto. Wa kulia alikuwa ndio kwanza ameumaliza. Tena huu ulikuwa mfupi kuliko mwenzake, kwa kuwa kuku alikuwa mdogo.

Nilimpa mgongo ili asione uso wangu.

"Inaingia?" akauliza kutoka mezani.

Hapo ndipo kisingizio changu kilipokuwa, kimekamilika, kinanisubiri nikichukue.

"Inaingia, Baba," nikasema, nikachukua gundi.

Ijumaa nilienda. Niliegemea ubao wa darasa nikachafua sketi yangu kwa chaki. Sikuwa nimemaliza hata dakika tano mvulana wa dawati la mbele akanyoosha mkono.

"Ticha, mbona anachechemea?"

Nikawaambia yote. Kwamba ana miguu miwili ya kushoto, kutoka kwa kuku wawili. Kwamba hata dinosaria wa makumbusho mara nyingi huunganishwa kutoka kwa wanyama kadhaa, na palipokosekana hujazwa plasta. Na kwamba mguu wa kulia uliliwa na baba yangu.

"Baba yako alikula dinosaria?" msichana mmoja akauliza.

"Na firigisi pia," nikasema.

Darasa likapasuka kwa kicheko. Baada ya hapo nilizungumza hadi kengele ikalia, na watoto wakamgusa jogoo mpaka mkia ukalegea. Sikujali sana. Nilijali kidogo.

Kuku mwingine alipoingia mezani, wiki kadhaa baadaye, Baba aliinua mguu, akaufikisha karibu na meno, akasita.

"Hii unahitaji?"

"La, Baba. Maliza."

"Hakika?"

"Hakika."

*Kwachu.*