Kavira Alipoimba Bwera

Iko siku moja, Thembo mwanangu, ambayo nikiikumbuka masikio yananiwaka mpaka leo, pamoja na mvi zangu hizi. Sikuwa na nia ya kukusimulia. Lakini jana nimesikia umemwambia mchumba wako afute ile video anayoimba, eti wanaume wengi wanaitazama kwenye simu zao. Nikasema, haya, mtoto wa nyoka ni nyoka. Kaa hapo unisikilize, na hiyo simu iweke chini.

Kabla ya mama yako nilikuwa na mchumba, jina lake Kavira, binti wa wauza vitenge waliotoka Butembo, Kongo, wakahamia hapa Kasese. Huko kwao alisoma kwa masista, na sista mmoja Mjerumani alimfundisha nyimbo za nchi yake, zile za mtu kusimama peke yake akaimba taratibu, bila ngoma wala makofi. Mmoja ulikuwa wa mwanamke anayemngoja mtu ng'ambo ya mto. Mimi na Kavira tulikuwa kwaya moja, yeye sauti ya kwanza, mimi ya tatu. Kinanda hatukuwa nacho, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikitoa sauti: naguna noti ya kuanzia, wenzangu wanaidaka, wimbo unaanza. Kwaya nzima ilitegemea koo langu, nami nilijiona mtu.

Alipouimba ule wimbo wa Kijerumani mazoezini, wivu ulinishika. Si wivu wa mwanamume fulani, hapana, huyo tungepigana ngumi tukamalizana. Niliyaonea wivu masikio ya watu. Tukipita sokoni wauza nyanya wanaita, "Kavira, tuimbie ile ya Wazungu kidogo!" Naye anacheka, anaimba, na mimi nimesimama na kikapu. Wakaanza kuniita bwana ya Kavira, na jina langu la Masereka likafa. Nilikuwa nimeshapeleka mbuzi wa mahari kwa baba yake, nikadhani na sauti imo humo. Nikamwambia awe ananiimbia mimi tu. Akanicheka.

"Sauti si sufuria," alisema, "eti itabaki ku nyumba."

Basi tukaalikwa Bwera, kule mpakani na Kongo, kwenye jubilei ya padri. Kanisa lilijaa, wafanyabiashara kutoka ng'ambo ya mpaka, askari na wake zao kutoka kambini, hata watu wa Katwe, kule kwenye ziwa la chumvi, walikuja. Mwalimu Baluku, aliyetufundisha kwaya, akamweka Kavira mbele, sisi nyuma yake tumgunie. Akaniashiria, "Masereka, toa sauti."

Nikaitoa, mwanangu, na niliitoa juu. Haikuwa bahati mbaya. Niliipandisha makusudi kupita tulivyozoea, nikijua kwamba pale wimbo unapopanda sauti yake itapasuka mbele ya watu, wamcheke, na jioni aje kwangu akilia, awe wangu peke yangu. Unaiona akili ya wivu? Wenzangu walinitazama kwa mshangao, lakini sauti ikishatoka imetoka. Kavira naye akageuka. Alinitazama kidogo tu, akaelewa. Kisha akavuta pumzi akaimba.

Alipofika juu kabisa sauti ikawa nyembamba, ikatetemeka, na Mungu anisamehe, nilifurahi. Haikupasuka. Ilikaa huko juu, kisha ikashuka polepole mpaka chini, nami sijawahi kusikia kitu kama kile, na nadhani hata yeye mwenyewe alikuwa hajawahi. Nilichokitaka kimvunje ndicho kilichompamba.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Afande mmoja mnene, mtu wa kaskazini, alikuwa anajifuta macho kwa kofia yake bila kuona haya. Halafu mama mmoja mkata chumvi wa Katwe akatoka kwenye benchi lake, akafungua kitenge chake cha juu, akamfunika Kavira mabegani.

"Mimi sijui ile maneno," akasema, "lakini ilinisema mimi."

Hapo ndipo vigelegele vikaanza. Watu wakanipita wakienda kumshika mkono, na mimi nimesimama pale pale na koo langu.

Nje, Mwalimu Baluku akanivuta pembeni. "Masereka, mimi niko na masikio. Kizuri kula na nduguyo. Wewe umeona heri kimwagike." Kavira yeye hata hakunipigia kelele.

"Ulipandisha sauti kusudi nianguke mbele ya batu," alisema. "Leo iko wimbo. Kesho itakuwa nini?"

Haikuchukua muda, wajomba zake wakanirudishia mbuzi. Waliwaswaga katikati ya soko mchana kweupe, mbele ya wale wale wauza nyanya. Kwetu mbuzi wakirudi neno limekwisha. Hata yule beberu mwekundu niliyejivunia alirudi, tena amenenepa kuliko nilivyompeleka. Baadaye Kavira alirudi Butembo, na wanaovuka mpaka huniambia bado anaimba. Wauza samaki wamemsikia, madereva wa malori wamemsikia. Mimi niliyetaka aniimbie peke yangu ndiye sijamsikia tena.

Usidhani nimepona. Mtu akimsifu mbele yangu, kitu bado kinanichoma hapa kifuani. Mama yako anajua, naye ndiye aliyesema nikusimulie.

Basi nasaha yangu ni hii. Wivu utakuja, huwezi kuufungia mlango, lakini usiupe kazi ya kutoa sauti. Nenda kamwambie mchumba wako airudishe ile video. Kisha ukae uitazame pamoja na hao wengine, uumie kama ni kuumia, na ikiisha uwe wa kwanza kupiga makofi. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na huyu wangu nimemlea miaka mingi, simtaki nyumbani kwako.

Mungu akupe kifua kipana. Mbuzi wako wakae huko ulikowapeleka, wazaliane, na nyumba yako isikose mtu wa kuimba.