Entuuha wa Baba

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, huko kwetu Bweranyange, Baba alirudi kutoka bondeni amekumbatia ndege ambaye aliposimamishwa alinifika kidevuni. Alikuwa amemnasa kwenye maharage yetu. Vitabu humwita korongo taji. Sisi Wanyambo tunamwita entuuha. Sikuwahi kuona kiumbe aliyevishwa vizuri namna ile: taji la dhahabu limesimama wima kichwani, mashavu meupe, nyama nyekundu ikining'inia kooni kama ya jogoo, shingo ya kijivu, na mabawa yenye weupe na rangi ya udongo wetu. Baba naye aliringa utadhani amemzaa yeye.

Usiku huo alimfunga mguu kwa kamba ya mgomba. Kesho yake nilipotoka shule nilimkuta yuko huru uani, anatembea na kuku, bawa moja limekatwa manyoya. Hangeweza kuruka tena. Mama, ambaye alikuwa mjamzito, aliketi mlangoni akimenya ndizi, amempa yule ndege mgongo.

Bibi, mama yake Baba, aliishi upande wa pili wa kibanja, ng'ambo ya migomba. Habari ilipomfikia alikuja na fimbo yake, hata shikamoo yangu hakuiitikia.

"Rwegasira, umefanya nini? Hawa hutembea wawili mpaka kufa. Nyumba inayofuga entuuha mmoja, mmoja wa wenye nyumba huondoka."

Baba akacheka. "Mama, sisi ni Walutheri. Huyu ni pambo tu. Jumapili wageni watakuja kumtazama."

"Mwachie leo hii."

"Aende vipi? Akitoka hapa mbwa watamla kabla hajafika bondeni."

Hilo lilikuwa kweli. Manyoya hayaungwi. Ilibidi yale yaliyokatwa yang'oke yenyewe na mapya yaote, na hakuna aliyejua itachukua muda gani. Maji yalikuwa yamekwisha kumwagika, nasi tukabaki kusubiri.

Nakiri kwamba siku za mwanzo nilifurahi. Entuuha alikuwa akikanyagakanyaga nyasi kwa vishindo, panzi wakishtuka na kuruka, naye akiwadona mmoja mmoja bila haraka. Kuku walijifunza kumfuata ili wapate masazo. Jirani yetu alitutania kwamba msimu wa senene ukifika, nyumba yetu haitaonja hata mmoja.

Kisha akaja mwenzake. Asubuhi alipanda kutoka bondeni, akasimama nje ya ua wetu wa miti ya miramura, akaita kwa sauti nzito yenye majonzi. Wa kwetu akaitikia. Akakimbia, akafungua mabawa, bawa zima likamwinua kidogo, lile lililokatwa likamwangusha kifudifudi. Ikawa hivyo kila siku. Mama akiwasikia tu aliingia ndani na kufunga mlango. Nilidhani kelele zinamuumiza kichwa.

Hata Baba aliacha kucheka. Mara moja nilimwona amempakata yule ndege, amefungua bawa, anapapasa vile vishina vya manyoya, kama mkulima anayefukua mbegu aone kama imeota. Hakukuwa na kitu.

Uchungu ulimshika Mama kabla ya wakati wake, alasiri yenye mvua. Wanaume walimbeba kwa machela kuelekea barabarani. Nilikimbia nyuma yao mpaka Bibi akanishika na kunirudisha. Walimleta jioni, amefunikwa kitenge, yeye na mtoto wake.

Siku ya mazishi, waombolezaji wakiwa wamejaa uani, mwenzake akaita tena kutoka nje ya ua. Entuuha wetu akaanza kurukaruka katikati ya watu, taji limesimama, mabawa wazi, kama wanavyocheza wao wakiitana. Watu waligeuza nyuso. Hakuna aliyepata nguvu ya kumfukuza. Bibi hakumwambia Baba, "Nilikuonya." Alilia tu.

Manyoya yaliota baadaye sana, na asubuhi moja hatukumwona. Wakati huo mwenzake alishaacha kuja.

Leo mimi ni mkunga. Najua kilichomuua mama yangu: damu nyingi, na hospitali iliyo mbali. Nimemweleza Baba mara nyingi, maana hakuoa tena, na kijijini bado wapo wanaomlaumu kwa kunong'ona kila entuuha wakipita angani. Niliamini kwamba nikipata maneno sahihi nitamtua mzigo huo. Krismasi iliyopita nikajaribu tena.

"Hayo ya damu nayaamini, Koku," akasema. "Nilikusomesha, nitakukatalia vipi? Lakini asubuhi ile, kabla sijamkata ndege, mama yako alipiga magoti. Akasema, 'Mwachie, Baba Koku, moyo wangu umekataa.' Nikamwambia alete mkasi."

Akafuta macho kwa kiganja.

"Akauleta."

Kazini nimejifunza kuzuia damu, kumwamsha mtoto asiyelia, kumshika mama anayekata tamaa. Kwa hilo sikufundishwa kitu. Niliushika mkono wa Baba, tukakaa hivyo mpaka kunakuchwa.