Jibu Alilolimeza Safia

Kwa miaka kumi na sita Mwalimu Shaabani wa Utende alikuwa jaji wa midahalo ya shule za sekondari, na wanafunzi wa Mafia walimjua. Ukipayuka, hakupi alama. Ukiwa na maneno matamu yasiyo na ushahidi, hakupi. Alichokitafuta ni kimoja: mwenzako kasema nini, nawe umemjibu nini. Hoja isiyojibiwa, kwake, imekubaliwa, hata iwe ya uongo. Majaji wapya aliwaambia waache mlangoni yote wanayoyajua, kwani jaji akianza kuwajibia watoto, mashindano yanakuwa yake.

Julai ya mwaka jana, fainali ya wilaya ilikuwa na mada moto: boti ya wagonjwa wa visiwa vidogo itangulie, au barabara ya lami? Safia, binti wa kidato cha tatu kutoka kisiwa cha Juani, alisimama kuitetea boti. Alieleza vizuri jinsi wagonjwa wanavyobebwa kwa machela matopeni maji yakipwa. Shaabani aliandika alama zake kwa mkono mzito. Mwezi Machi alikuwa amemzika mkewe.

Mkewe huyo, Mwanamkuu, alikwenda Juani kumuuguza mama yake, presha ikampanda hukohuko. Boti ya wagonjwa ilikuwapo, lakini imepandishwa juu ya magogo, mashine imeng'olewa tangu mwaka uliotangulia. Wakamlaza kwenye ngalawa ya jirani wakavuka naye Ghuba ya Chole. Shaabani aliwangoja Utende, maji yakimfika magotini. Walipofika, kazi iliyobaki ilikuwa kumfumba macho.

Sasa, pale ukumbini, akainuka Godlove wa upande wa barabara, mtoto wa mtumishi wa serikali aliyehamia kutoka bara. Akasema boti Juani ipo, ina nahodha na mafuta, na wanaofariki huponzwa na jamaa zao wanaopoteza muda kwa waganga. Hakusema kwa kejeli. Alikuwa ameyasoma kwenye taarifa fulani akayaamini.

Safia alipewa dakika mbili za kujibu. Alisimama, akaitazama meza ya majaji, akafungua kinywa. Kisha akazungumzia gharama za lami, akaketi.

Majaji wawili wenzake Shaabani walikuwa wamegawanyika, uamuzi ukabaki kwake. Hoja ya Godlove ilikuwa imesimama bila kuguswa. Akaandika ushindi kwa upande wa Godlove, akatia saini.

Watu walipotawanyika, Safia alimfuata barazani.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Binti hakulalamika. Aliuliza tu amekosea wapi, ili ajifunze. Shaabani akamwambia hakuijibu habari ya boti.

"Jibu nilikuwa nalo," Safia alisema, macho chini. "Ngalawa ile ni ya baba yangu. Mimi ndiye niliyempakata Bi Mwanamkuu kichwa. Nikakuona umekaa pale mbele, nikaona haya kukutonesha kidonda mbele za watu."

Siku ile Shaabani alimwona mkewe tu; miezi minne hakuwa amewahi kuuliza ni nani aliyekuwa naye ngalawani.

"Alisema chochote?"

"Aliuliza kama tumekaribia. Nikamwambia tumekaribia. Hatukuwa tumefika hata nusu."

Shaabani alirudi ndani akamwomba msimamizi karatasi yake ili abadilishe uamuzi. Msimamizi, aliyefundishwa ujaji na yeye mwenyewe, alimjibu kwa upole kwamba lililosemwa nje ya ukumbi halihesabiki. Upande wa Godlove ukaenda mashindano ya mkoa, Kibaha.

Hakuamua tena mdahalo wowote. Shule ilipofunguliwa alisikia Safia amejitoa kwenye klabu ya midahalo, akavuka kwenda Juani kumwomba baba yake amshawishi arudi. Mzee alimkaribisha, akamwita bintiye. Safia alitoka kwenye mwani wa mama yake, mikono imechakaa kwa chumvi, akamsikiliza mwalimu mpaka mwisho.

Akamshukuru kwa kuja. Akasema kusoma ataendelea kusoma, lakini kusimama mbele za watu na kusema, hapana. Kisha akaomba ruhusa, akarudi kuanika mwani kabla jua halijashuka.