Mihogo Isiyovundikwa

Nilipokuwa mtoto pale Rwamgasa, chungu cha mtu kilikutajia kwao kabla hujamsalimia. Watu wa Kagera walikuja machimboni na ndizi zao, watu wa Pwani na mbuzi zao za kukunia nazi. Sisi wenyeji tulikula ugali mweusi wa udaga, unga wa mihogo iliyovundikwa, kwa majani makavu ya kunde. Wali ulikuwa wa wenye maduara, mashimo yanayotoa dhahabu. Duara likikauka, hata wao waliurudia udaga wetu, na hapo hakuna aliyeucheka.

Jirani yetu Mama Zuhura alitoka Tanga, na duara la mumewe lilikuwa limekauka. Akaja kwa bibi yangu kuomba chochote cha kupika. Bibi akamjazia beseni mihogo michungu aliyotoka kuichimba.

"Usiile leo, mwanangu," alimwambia. "Imenye, ivundike mpaka iote ukungu, ndipo uianike. Masamva, wazee wetu wa kuzimu, ndio wanaokula kwanza. Ukiwatangulia, watakula cha kwako."

"Haya bibi, ahsante," Mama Zuhura alisema akicheka. "Ila kwetu muhogo unachimbwa asubuhi, mchana uko na nazi mezani."

Bibi hakucheka.

Njaa mwana malegeza. Mama Zuhura aliichemsha mchana ule ule, akampakulia mwanawe kwanza. Jioni Zuhura, rafiki yangu wa kucheza rede, alikuwa ameshakufa. Mama yake alitapika, akapona.

Msibani hakuna aliyeitaja mihogo. "Kikongwe alitamka, na limekuwa," walinong'ona. "Na yale macho mekundu hamyaoni?"

Kwetu maneno hayo yanajulikana yanakoishia. Vikongwe wamekatwa mapanga, wakiitwa wachawi kwa ajili ya macho tu. Bibi alipikia samadi kavu na mabua ya pamba katika kibanda kisicho na dirisha, akipuliza moto maisha yake yote. Wake wa wenye maduara walipikia mkaa, na macho yao yalikuwa meupe.

Mtu mmoja tu angeweza kusema, "Alinionya." Nilimkazia Mama Zuhura macho, moyoni nikimsihi. Akajifunika kanga usoni.

Walichoma kile kibanda. Baba akampakia bibi kwenye baiskeli siku hiyo hiyo, akampeleka Segese kwa shangazi, ambaye alikuwa na duka na alipikia mkaa. Bibi alinusurika, ila tangu hapo hakumwonya tena mtu juu ya chakula chochote, hata mimi mjukuu wake.

Leo napikia gesi. Sijui kama masamva hula uchungu wa mihogo. Najua tu kwamba nyumbani kwetu, tulikowasubiri, hakuna mtoto aliyezikwa kwa mlo. Mama Zuhura nilishamsamehe, maana naye alifiwa. Wale wengine bado wananiuma.

Bibi alipofariki, shangazi aliniita nimuage kabla hajamfumba macho. Yalikuwa meupe kama ya mtu yeyote. Nilitamani Rwamgasa nzima ije iyaone.