Dada na Wenye Mtaji

Dada yangu alianza kufua nguo za watu uani kwetu, mimi nikipiga pasi. Shati lako likishapita mikononi mwake, hungempelekea mwingine. Akaajiri wanawake sita, akakodi ghala lenye mabomba, wateja wakawa wanaagiza kwa simu. Hapo ndipo wawekezaji walipotusikia.

Walikuja watatu, wapole, wenye viatu safi. Wakatia mtaji mkubwa, wakachukua nusu ya kampuni na viti vingi katika bodi. Dada aliwapokea kama wageni. Walipotaka bei ishuke ili wateja waongezeke, alikubali. Walipotaka tawi la pili kabla la kwanza halijasimama, akakubali. Nikamkumbusha kwamba mgeni siku ya tatu hupewa jembe.

"Hawa ndio wenye jembe, mdogo wangu," alinijibu. "Sisi ndio shamba."

Kwa bei ile tulifua kwa hasara, nao wakasema ndivyo kampuni zinavyokua. Mtaji ulipokaribia kwisha, wakasema fungu lingine litatoka iwapo tu wafuaji wataondoka na mashine zitaingia. Dada alibishana nao asubuhi nzima. Aliomba mashine zije taratibu. Aliomba wanawake wafundishwe kuziendesha. Aliomba hata mshahara wake ukatwe. Walimsikiliza vizuri sana. Kisha mmoja akamwambia kwamba bila fungu hilo hakuna atakayelipwa mwisho wa mwezi, na kwamba bodi inaweza kutafuta mkurugenzi mwingine.

Alitia sahihi.

Tukarudi pamoja kwenye ghala. Mkubwa wa wafuaji, tuliyemwita Mama Povu, alikuwa amezama kwenye beseni hadi viwiko.

"Wamesemaje hao mabwana, mwanangu?"

"Wamesema kazi yenu nzuri," dada alisema.

Wala haukuwa uongo. Walisema hivyo, kabla ya mengine yote.

"Basi watuongeze sabuni. Sifa haitoi madoa."

Wakacheka wote. Dada akacheka nao, akaokota shati, akaanza kufikicha kola. Hakunitazama. Nikaelewa kwamba kazi ya kuwaambia ameniachia mimi, ambaye hata salamu naitoa nikiangalia chini.