Kuhamisha Jina la Asali

Mimi ni mwoga. Naliandika hili mapema ili anayesoma asikae kusubiri ushujaa wowote. Wanafunzi wangu wananiona mwalimu mkali, lakini mke wangu anajua kwamba barua yenye muhuri ikiletwa nyumbani naiweka juu ya kabati siku mbili kabla sijathubutu kuifungua. Kwa hiyo ile barua pepe ya kampuni ya Dar es Salaam niliisoma kwa kuruka mistari, nikafunga kompyuta ya shule, nikaenda kufundisha kipindi cha hesabu ambacho mpaka leo sikumbuki nilifundisha nini.

Barua ilisema kampuni inaacha kazi ya kuandikisha majina ya mtandaoni. Kila mteja alihamishe jina lake kwa kampuni nyingine kabla muda wake haujaisha. Muda wa jina letu ulikuwa umebakiza wiki tatu.

Jina hilo, ambalo watu wa kompyuta huliita domeni, aliliandikisha kaka yangu kwa ajili ya kikundi cha akina mama warina asali wa kijiji cha Ntalikwa. Mama yetu ni mmoja wao. Lilikuwa kwenye kila lebo ya chupa, na barua pepe ya kikundi ilisimama juu yake. Kila kiangazi mnunuzi wao wa ng'ambo ya bahari aliandika kwenye anwani hiyo, na hiyo tu, kueleza anataka asali kiasi gani na mzigo upelekwe wapi. Kaka alipofariki, masika ya mwaka ule, niliachiwa neno la siri la sanduku la barua la kikundi, na mama akatangaza mbele ya wenzake kwamba kazi ya kaka sasa ni ya mwalimu. Walipiga vigelegele. Sikuwa na ujasiri wa kukataa.

Nilipiga simu Dar es Salaam. Kijana aliyepokea alikuwa mpole, na upole wake ulinitisha kuliko ambavyo ukali ungenitisha.

“Pole sana na msiba, mwalimu,” alisema. “Lakini kwenye kumbukumbu zetu mwenye jina ni marehemu. Namba ya kuhamishia tunaituma kwenye barua pepe yake binafsi, sio ya kikundi.”

“Si mnibadilishie tu, muandike mimi?”

“Tunaweza, ukileta karatasi za mirathi. Ila jina likishabadilishwa mwenyewe linafungwa siku sitini. Haliwezi kuhama.”

Siku sitini, na mimi nilikuwa na wiki tatu. Akaendelea kunieleza, kana kwamba ananisaidia, kwamba hata nikiipata hiyo namba, uhamisho wenyewe huchukua siku tano au zaidi. Na muda ukiisha kabla sijahama, barua za kikundi zitakatika. Jina litawekwa pembeni kwa muda, kisha litaachiwa, na yeyote alitakaye atalichukua.

Hapo ndipo hofu iliponikamata hasa. Kupoteza barua ni jambo moja. Lakini mtu akilichukua jina lile, angeweza kumwandikia mnunuzi kwa anwani ile ile aliyoizoea, akajiita sisi, akauza asali isiyokuwepo au akaelekeza mzigo wa akina mama anakotaka yeye. Jumamosi hiyo nilikwenda Ntalikwa. Mama alinifungulia chumba alichokuwa akilala kaka. Kitanda kilikuwa kimeegemezwa ukutani, na ndoo za asali zimepangwa mpaka usawa wa dirisha, kila moja ina kipande cha karatasi chenye jina la mama fulani. Harufu ilinipanda kichwani.

“Mwangaluka, mayu,” nilimwamkia mama, nikijaribu kuonekana mtu mwenye habari njema.

“Mzungu ameandika?” aliuliza badala ya kuitikia.

“Bado. Mama, simu ya kaka iko wapi?”

Neno la siri la barua pepe yake nilikuwa nalo, limeandikwa kwa mkono wake nyuma ya daftari. Tatizo ni kwamba nikiliweka, mtandao unatuma tarakimu sita kwenye simu yake kwanza, ndipo ufungue. Nilidhani simu imo kwenye sanduku la nguo zake. Mama alinitazama kwa mshangao.

“Si aliichukua mtani? Ulikuwepo. Wewe ndiye uliyesema utaikomboa.”

Nilikuwepo kweli. Siku ya mazishi alikuja fundi cherehani wa mtaa wa Ng'ambo mjini, Mzaramo aliyeolewa Tabora miaka mingi. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipobeba pembe za ndovu hadi pwani wakalala kwenye nyua za babu zao, na mtani msibani ana haki zake. Yule mama alivaa koti la marehemu, akaiga mwendo wake wa kuburuta mguu, akawauliza waombolezaji wanamlilia nani naye yupo hapa. Mama yangu, ambaye hakuwa ameweka kitu kinywani siku mbili, alicheka mpaka akaomba uji. Kisha fundi akainyakua simu ya kaka juu ya meza, akaitia kifuani na kusema haitoki mpaka ikombolewe. Desturi ni kukomboa kabla ya kuanua matanga. Nikasema nitakwenda. Sikwenda, kwa sababu niliuogopa mdomo wake, na simu yenyewe ilikuwa kuukuu, kioo kimepasuka. Nikaona haina kazi tena.

Nilirudi mjini nikihesabu. Miezi mitano imepita. Kila mtu anajua laini isipotumika miezi mitatu hufungwa, na namba hupewa mtu mwingine. Labda namba ya kaka sasa ilikuwa mfukoni mwa mgeni huko Ziba au Mwanza, ambaye angepokea zile tarakimu sita akashangaa ni nini.

Ungetegemea niende kwa fundi Jumatatu ile ile. Nilikwenda, nikapita mbele ya duka lake nikijifanya nina haraka. Jumanne nikapita upande wa pili wa barabara. Nilijiambia natafakari jinsi ya kuanza, lakini ukweli ni kwamba kadiri nisivyouliza, simu iliendelea kuwa hai. Nikiuliza tu, angeweza kuniambia aliwapa watoto wakaichezea.

Kilichonisukuma ni barua nyingine. Jumatano mchana, kwenye sanduku la kikundi, mtu nisiyemjua aliandika kwa ufupi kuuliza kama bado tunalihitaji jina letu, maana ameona muda wake unakaribia kuisha. Hakujitambulisha. Nilisoma mistari ile mara tano hadi mwalimu mwenzangu akaniuliza kama nimepata habari mbaya. Nikaomba ruhusa, nikaenda Ng'ambo moja kwa moja.

Fundi alikuwa nyuma ya cherehani, tepu shingoni. Aliniona, akaendelea kukanyaga pedeli mpaka mwisho wa mshono.

“Mpagazi amekumbuka njia,” alisema.

“Shikamoo, mtani.”

“Shikamoo yako kaa nayo. Miezi mitano kitu cha ndugu yako kimeshikwa, na wewe unapita hapo nje kama mwizi wa kuku. Jumatatu nimekuona. Jana nimekuona. Leo nani kafa?”

“Hajafa mtu. Naomba simu.”

“Naomba.” Aliwageukia wateja wawili waliokaa kwenye benchi. “Mnamsikia? Mnyamwezi anaomba. Kwao hawakomboi.”

Nilimuuliza kama simu bado inawaka. Alisema robota lake la vitambaa limefika kwa treni, liko stesheni, na anataka lifike dukani begani mwangu. Sio kwa bajaji, sio kwa baiskeli. Babu zangu waliibeba nguo ya babu zake kutoka pwani mpaka hapa kwa miguu, basi mimi nitashindwaje na kipande hiki cha mwisho? Wateja wakacheka. Nilimwambia mimi ni mwalimu, na saa hizo wanafunzi wanatoka shule.

“Ndiyo maana nimeichagua saa hii,” alisema.

Nikaenda, naye akanifuata nyuma kwa mwendo wa pole na mwavuli wake, kama mwenye msafara. Robota halikuwa kubwa, lakini kamba zake zilikata bega, na shati langu la kazi likalowa kabla hatujaiacha stesheni. Kila tulipokutana na mtu, fundi alimsalimu na kumweleza kwa sauti kwamba huyu ni mwalimu wa hesabu anakomboa mali ya marehemu. Wazee walinipa pole huku wakicheka. Wanafunzi wangu, kundi zima la kidato cha tatu, walisimama kando ya barabara kimya kabisa. Ningependa kusema aibu iliniuma. Haikupata nafasi. Chini ya lile robota nilikuwa na wazo moja tu, kwamba nabeba mzigo huu kwenda kupokea simu iliyokufa. Mara mbili nilimuuliza tena, mara mbili akaniambia mpagazi haongei.

Dukani nilitua mzigo nikakaa chini sakafuni. Fundi alifungua droo ya nyuzi, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kitenge. Akakifungua taratibu. Simu ilikuwa inawaka, chaji imejaa.

“Ulidhani nimeiuza,” alisema, na sasa hakuwa akitania.

Nilikubali kwamba hilo pia nililidhani.

Alinieleza kwamba mwanzoni simu iliita sana. Watu wa mbali hawakuwa na habari. Mnunuzi wa nta wa Kahama, rafiki wa jeshini, mwanamke mmoja wa Kigoma aliyelia mpaka salio likamwishia. Akawa anapokea na kuwaambia wote, mmoja mmoja. Akaona si vizuri mtu apige kwa marehemu akute kimya, basi akawa anaweka vocha kila mwezi na kuichaji pamoja na yake. Alisema kitu cha msiba ukikishika unakitunza, la sivyo ni wizi. Nikaona macho yake yamejaa, na yangu pia. Tulikuwa tumepoteza mtu yule yule, na mimi miezi yote hiyo nilikuwa namkwepa.

Nikafungua barua pepe ya kaka kwenye simu yangu. Ya kaka ikalia mkononi mwake. Alivaa miwani, akanisomea tarakimu sita, akazirudia. Ikafunguka. Nikaiomba kampuni namba ya kuhamishia, na kabla fundi hajamaliza kupinda mkono wa gauni ikawa imefika. Nikaipeleka kwa kampuni mpya niliyokuwa nimeichagua, pale pale, nimekaa sakafuni.

Halafu zikaanza siku za kusubiri, na nakiri kwamba hizo zilinitesa kuliko robota. Kampuni ya zamani ilikuwa na haki ya kukaa na jina siku tano bila kusema neno. Kila mapumziko nilikwenda kwenye kompyuta ya shule, Jumamosi na Jumapili nikatazama kwenye simu, na kila mara maandishi yalikuwa yale yale, kwamba uhamisho unasubiri. Siku ya nne barua za kikundi zikakatika kabisa. Nilituma barua ya kujaribu kutoka kwenye anwani yangu, haikufika. Nikajua yule mtu asiye na jina ametuwahi. Niliacha kula. Mama alipiga simu kuuliza kama Mzungu ameandika, nikamdanganya mtandao ni mbovu. Nilikuwa nikiziona zile ndoo hata darasani, na vile vikaratasi vyenye majina ya wenyewe. Nilipompigia kijana mpole wa Dar es Salaam, hakupokea tena.

Siku ya tano haikuleta kitu. Siku ya sita ilikuwa Jumanne. Nilifungua kompyuta nikiwa nimeshapanga maneno ya kumwambia mama, na jina lilikuwa limefika. Halikuwa limeibwa. Kampuni ya zamani ilizima mitambo yake mapema, basi, na mpya ikachelewa kuwasha yake. Nusu saa baadaye barua zilizokuwa zimekwama njiani zikaanza kuingia, na ya tatu ilikuwa ya mnunuzi. Alitaka asali yote. Nililaza kichwa juu ya meza nikalia, mlango uko wazi.

Ilibaki fomu. Kampuni mpya ilitaka niandike mwenye jina sasa ni nani, nami nikalifuta la kaka herufi moja moja, polepole, kisha nikaandika kikundi. Chini yake walitaka simu ya mtu wa kutafutwa. Nikaweka yangu. Chini zaidi palikuwa na nafasi ya mtu wa pili, wa kutafutwa endapo wa kwanza hapatikani. Nilifikiria mke wangu, ambaye hupoteza simu mara mbili kwa mwaka. Nilifikiria mwalimu mwenzangu. Kisha nikaandika namba ya fundi.

Jioni nilipita dukani kumwambia. Aliusimamisha mguu juu ya pedeli, akaivua miwani yake. Halafu akauliza, kwa sauti ndogo, siku mimi nisipopatikana atatakiwa kufanya nini.

Nikamwambia kazi yake ni kumsomea tarakimu sita yule atakayekuja kuzitafuta, akishabeba robota.